Mke na Mume wa Lori la Silibwet

Kampuni ya majani chai ilipopunguza wafanyakazi mwaka wa tisini na sita, Kepher Amolo na mkewe Amondi waliachishwa kazi wote wawili mwezi ule ule. Kepher alikuwa mtu wa draya kiwandani. Alisimama kando ya mashine ile ndefu ambamo majani yaliyosagwa hupita katika hewa moto na kutoka upande wa pili yakiwa chai kavu, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba hayatoki mabichi wala hayaungui. Amondi alikuwa dereva wa trekta. Miaka ya nyuma kampuni ilikuwa imechagua wanawake wachache wafundishwe kuendesha, wengine wakaogopa matope na miteremko, yeye akabaki. Kila siku alivuta trela lenye magunia ya majani kutoka mashambani hadi kiwandani, na wachumaji walimzoea hata hawakumwona tena kama jambo geni.

Kuachishwa kazi kulikuwa pia kuachishwa nyumba. Walikuwa wameishi katika laini za kampuni, zile nyumba za wafanyakazi, tangu waoane, na Kepher mwenyewe alizaliwa laini ya jirani, kwa baba aliyetoka Nyakach kuja kuchuma chai. Walirudisha ufunguo, wakapakia kitanda, meza na sufuria kwenye mkokoteni, wakahamia chumba cha kukodi Nyagacho, mjini Kericho. Binti yao Awino alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo chumba kiliwatosha.

Kaka yake Kepher alipanda kutoka Nyakach kuja kuwapa pole. Akala, akanywa chai, akasema shamba la baba yao bado lipo na hakuna sababu ya mtu mzima kukodi chumba huku ana ardhi. Kepher aliona maneno hayo yana maana. Amondi alimsindikiza shemeji yake mpaka stendi, akarudi, akaketi kizingitini.

"Unataka kwenda?" akamwuliza mumewe.

"Sijui kitu kingine. Mimi najua draya tu."

"Mimi sitaki kulima, Baba Awino. Nililima kila likizo nikiwa mtoto, nikatosheka. Mimi najua gari."

"Trekta," Kepher akamsahihisha.

"Trekta ni gari. Na hizi lori zinazopeleka chai Mombasa, si unaziona? Mbele huwa kuna watu wawili. Mmoja akichoka, mwingine anashika. Hao watu wawili wanaweza kuwa mimi na wewe."

Kepher alicheka, halafu akaona mwenzake hacheki.

"Mke na mume ndani ya lori?"

"Kwani kule kampuni tulikuwa tunaonana saa ngapi? Wewe ukitoka shifti, mimi naingia. Nipe mwaka mmoja. Ikishindikana, tutaenda Nyakach na sitasema neno."

Kepher alimjua mkewe. Hakuwa mtu wa kuomba mara mbili. Akakubali, ingawa usoni alionekana kama mtu aliyekubali kupanda mlima asioujua.

Amondi alipata leseni ya lori bila taabu. Kepher, ambaye maishani mwake alikuwa ameendesha baiskeli tu, alifundishwa kwenye Bedford kuukuu iliyokuwa na gia ngumu kama jembe lililokwama kwenye mzizi. Siku ya mtihani ilimzimikia kwenye mwinuko, akaambiwa arudi mwezi ujao. Mwezi uliofuata alipita.

Kupata leseni kulikuwa rahisi kuliko kupata lori. Wenye malori wa Kericho waliwasikiliza, kisha wakawaaga. Mmoja alimwuliza Kepher, Amondi akiwa amesimama papo hapo, kama mkewe yuko sawa kichwani. Mwingine alisema atamchukua Kepher peke yake, na alipoambiwa kwamba Kepher ndiye mgeni wa kazi, alidhani wamekuja kumchezea. Mwishowe mtu mmoja wa kituo cha mafuta aliwaelekeza Silibwet, kwa Mzee Robert Kiplangat, ambaye alikuwa na Isuzu moja na hakuwa na dereva.

Mzee Robert alikuwa mkulima. Alikuwa na chai, ng'ombe wa gredi, na lori alilonunua kwa kuungaunga miaka mingi. Dereva wake wa mwisho alikuwa ameliacha lori hilo njiani majuma mawili akaenda kuishi kwa mwanamke, na aliporudi betri haikuwapo. Dereva wa kabla ya huyo alikuwa amekufa kwa ule ugonjwa ambao siku hizo watu hawakuutaja kwa jina. Mama Rodah, mkewe Mzee Robert, ndiye aliyekwenda kumpikia mjane kwenye matanga, akakuta mjane mwenyewe amekwisha kukonda. Tangu siku hiyo alikuwa amemwambia mumewe kwamba afadhali lori lioze uani kuliko kumpa mtu mwingine wa kulala kila mji.

Kwa hiyo mume na mke walipobisha hodi, Mama Rodah ndiye aliyewakaribisha ndani. Waliongea Kiswahili kwanza, kisha Amondi akajibu swali moja kwa Kipsigis, na mazungumzo yakaendelea kwa lugha hiyo, kwa kuwa yeye na Kepher walikulia kwenye laini za chai wakicheza na watoto wa Wakipsigis.

Mzee Robert alisikiliza tu. Chai ilipokwisha, akawatoa nje.

"Mama, unaona hiyo stoo?" akamwuliza Amondi. Njia ya kutoka barabarani iliteremka kati ya zizi la ng'ombe na ukingo wa chai, nayo ilikuwa nyembamba na imelowa. "Ingiza gari kinyumenyume mpaka mlangoni."

Amondi hakupanda lori. Aliteremka kwanza kwa miguu njia nzima, akiukanyaga udongo kwa kisigino mahali baada ya mahali. Aliporudi, alivua viatu, akapanda, akakisogeza kiti mbele, akalirudisha lori polepole bila kusimama, tairi za upande mmoja zikipita karibu na chai lakini zisiiguse. Ng'ombe waliinua vichwa wakatazama, wakaendelea kula.

Mzee Robert akamgeukia Kepher. "Na wewe?"

"Mimi niko na leseni, mzee, lakini sina uzoefu. Mimi ningeingia kwa ng'ombe."

Mama Rodah alicheka. "Huyu hadanganyi," akamwambia mumewe.

"Basi mama ndiye dereva," Mzee Robert akasema. "Wewe utakuwa taniboi wake, ufunge turubai, ukague tairi, uweke mawe nyuma ya gurudumu. Siku ukiwa tayari kuendesha, sitaki nisikie kutoka kwako. Nataka nisikie kutoka kwake."

Hivyo ndivyo walivyoanza.

Walipakia chai kwenye kiwanda cha wakulima si mbali na Silibwet, wakateremka Bomet, wakapita Mulot na Narok, wakavuka nchi ya nyasi mpaka Mai Mahiu, wakapanda ukuta wa Bonde la Ufa wakielekea Nairobi, na kutoka huko wakaishika barabara ya Mombasa. Kurudi walibeba mbolea au chumvi au mabati. Amondi aliendesha kama alivyoendesha trekta, bila haraka, akiisikiliza injini. Mwanzoni mgongo ulimuuma akawa analala chali kwenye sakafu wakifika Mtito Andei. Alijifunza ni vituo gani vina choo cha mwanamke na ni vipi havina, akawa anabeba leso mbili na mtungi wa maji nyuma ya kiti. Mabega yake yalinenepa. Aligundua kwamba anapenda saa za asubuhi baada ya Narok, barabara ikiwa tupu na punda milia wakilisha kando kama mifugo ya mtu.

Kepher naye aligundua kwamba chai haikumwacha. Alijua kwamba chai kavu hunywa kila kitu kilicho karibu nayo, unyevu, harufu ya dizeli, harufu ya kitunguu, na kwamba gunia la karatasi halizuii sana. Alikataa mtungi wa dizeli usafiri nyuma na mzigo. Alilala na turubai kichwani kwa namna ya kusema, akilikagua kila waliposimama, akitia viraka mahali palipochakaa.

Lakini kulikuwa na maneno. Vijana wa kupakia kiwandani walimwita Kepher "bibi ya dereva". Kwenye mzani wa Mariakani karani alimpa yeye karatasi kila mara, naye akazipitisha kwa Amondi, na karani akatazama kando akitabasamu. Kwenye hoteli za njiani madereva wengine waliuliza kama akikosea anachapwa. Kepher alicheka nao. Hakupenda ugomvi. Ila Amondi aliona kwamba wakirudi ndani ya lori alikuwa anatazama nje ya dirisha lake kwa muda mrefu.

Alianza kumfundisha kwenye tambarare baada ya Narok. Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu, kwa sababu Amondi hakuwa mwalimu mpole. Kepher alipobadilisha gia, mkewe alisema "bado". Alipochelewa alisema "sasa, sasa". Aliyaona mashimo kabla yake na kuyataja moja moja. Siku moja, wakipanda kilima kidogo, aliuweka mkono wake juu ya mkono wa Kepher kwenye gia na kuisukuma mwenyewe.

Kepher alilisogeza lori kando, akalizima, akashuka. Akatembea mpaka kwenye mti wa miiba uliokuwa mbali kidogo, akasimama pale akiwa amempa mgongo. Amondi alingoja. Mwishowe naye akashuka, akamfuata.

"Nimekosa nini?" akauliza.

"Hukukosa. Unajua gari, mimi sijui." Kepher aliongea taratibu, kama alivyozoea. "Lakini watu wote wa barabara hii wananiambia mimi si dereva. Kiwandani wananiambia, Mariakani wananiambia. Sasa hata ndani ya gari naambiwa."

Amondi alikuwa hajawahi kulifikiria jambo hilo kwa upande huo. Yeye alikuwa anaogopa, akaona kuogopa kwake ni kumsaidia.

"Wewe unatakaje?"

"Mtu akishika usukani, yeye ndiye anaamua. Yule mwingine akiona kitu aseme mara moja. Mara moja tu, halafu anyamaze. Nikiangusha gari, nimeangusha."

"Tutakuwa tumeanguka wote."

"Ndiyo. Wote."

Amondi alikubali, na aliporudi kitini aliiweka mikono yake chini ya mapaja yake ili isimtoroke. Wakafika Mai Mahiu hajasema neno. Baadaye alimwambia Mama Rodah kwamba safari ile ilimchosha kuliko zote alizowahi kuendesha.

Miezi ikapita, na Kepher akajua. Hakuwa mwepesi kama mkewe, lakini alikuwa na subira ya mtu aliyetazama draya miaka mingi, mtu anayejua kwamba ukikimbilia jambo moja linaungua lingine. Mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba Amondi alimfuata Mzee Robert shambani.

"Mzee, mume wangu yuko tayari."

"Wewe ndiye unasema, ama yeye amekutuma?"

"Yeye hajui kama niko hapa."

"Basi safari inayokuja yeye ndiye atoe gari hapa na mzigo," Mzee Robert akasema.

Safari iliyokuja ilikuta mvua za El Nino. Haikuwa mvua ya kawaida ya mchana ambayo watu wa Bomet huisahau jioni. Ilinyesha wiki baada ya wiki, ikala barabara, ikabeba madaraja. Asubuhi walipotoka Silibwet na magunia ya chai yamefungwa vizuri, mawingu yalikuwa yamekaa juu ya vilima lakini hayajamwagika. Kepher alikuwa kwenye usukani. Walipita Bomet vizuri. Kabla ya kufika Mulot wakakuta magari yamesimama.

Kalavati la kupitisha kijito chini ya barabara lilikuwa limesombwa. Watu wa barabara walikuwa wamechonga njia ya kando chini ya ile ya zamani, na sasa kijito kilikuwa kimepanda kikapita juu ya njia hiyo, kipana na chekundu. Lori lililokuwa mbele lilikuwa la ndizi, likitoka Kisii kwenda Nairobi. Dereva wake, Onsongo, walimfahamu kwa kuonana njiani. Alikuwa amekunja suruali na kuingia majini na fimbo. Maji yalimfika magotini, na katikati yakamfika mapajani.

"Chini ni ngumu," akasema aliporudi. "Mimi napita. Ndizi zitaiva hapa zote. Wewe, Amolo, unafuata?"

Kepher alishuka. Amondi naye akashuka, akasimama kando ya maji, akatazama juu na chini.

"Mimi naona bado yanapanda," akasema. "Nimesema."

Akarudi kitini kwake, akafunga mlango.

Kepher akavua viatu akaingia. Chini kulikuwa kugumu kweli, kama Onsongo alivyosema, lakini alipofika katikati alisikia mawe madogo yakitembea chini ya nyayo zake. Alisimama hapo kwa muda, maji yakimsukuma. Alifikiria kiwanda, ambacho kilitaka chai hii ifike kabla ya mnada wa wiki ile. Alifikiria Mzee Robert na safari hii aliyompa. Alifikiria pia magunia ya karatasi, na injini kuzimika mahali aliposimama. Watu waliokuwa ukingoni walimtazama.

Akatoka. "Tunangoja," akamwambia Onsongo.

"Mama amekataa?"

"Mama hayuko kwenye usukani. Ni mimi nimekataa."

Onsongo aliinua mabega, akapanda lori lake. Liliingia majini, likainama upande mmoja hata watu wakanyamaza, maji yakagonga milango, kisha magurudumu ya mbele yakashika ukingo wa pili na lori likapanda likitoa moshi mweusi. Watu wakashangilia. Onsongo alipiga honi, akatokomea.

Kepher alipanda, akakaa mbele ya usukani. Mkono wake ulikuwa kwenye ufunguo. Kama mtu aliyepita alikuwa na lori la aina moja na lake, na mzigo karibu uzito ule ule, basi na yeye angepita. Lilikuwa jambo la dakika chache tu. Amondi alikuwa amegeuza uso, anatazama shamba la mahindi upande wake, na Kepher akajua kwamba hata angeliwasha lori sasa hivi mwanamke huyu angekaa hapo hapo na kwenda naye.

Alichomoa ufunguo akautia mfukoni.

Alasiri mvua ilianza, na baada ya hapo hakuna aliyejaribu tena. Mwanamke mzee mmoja aliyeitwa Chepkemboi, ambaye nyumba yake ilikuwa juu tu ya barabara, aliteremka na mwavuli kuwaambia wapande wakajikinge. Amondi alimshukuru kwa Kipsigis, akimwita kogo, bibi.

"Mnaongea kama watu wa Kericho," Chepkemboi akasema. "Mnaitwa nani?"

Wakamwambia. Aliposikia majina ya watu wa ziwani, si ya Wakipsigis, aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Miaka ya vita vya mashamba kati ya makabila haikuwa mbali, na kila mtu katika sehemu zile alikuwa na jambo ambalo hakutaka kulizungumza. Kisha akachukua kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandishwa, akammiminia kila mmoja kikombe kilichojaa mpaka juu, na kusema jikoni kuna joto, walale huko.

Mvua ilizidi, na Kepher hakuweza kukaa jikoni. Alipanda juu ya mzigo, akaingia chini ya turubai kwa tumbo, akapapasa gunia baada ya gunia. Kwenye kona moja ya nyuma maji yalikuwa yameanza kupita mahali kamba ilipolisugua turubai.

"Mama Awino," akaita, "niko na shida huku. Niletee nailoni."

Amondi alimwomba kogo nailoni aliyokuwa akifunikia mahindi yake, akairusha juu, kisha akapanda mwenyewe. Wakafanya kazi wakiwa wameinama, Kepher akielekeza, Amondi akivuta. Waliyatoa magunia ya kona ile wakayasogeza katikati, wakajaza nafasi kwa matandiko yao wenyewe, wakatandaza nailoni, wakafunga upya. Gunia moja lilikuwa limelowa upande. Kepher alilitia pua, akalishusha akaliweka mbele, karibu na viti vyao.

"Leo wewe ndiye taniboi," akamwambia mkewe walipomaliza.

"Na mshahara wangu ni ule ule," Amondi akajibu, na wakacheka, wakiwa wamelowa chapachapa juu ya lori la watu.

Walikaa kwa Chepkemboi mpaka siku ya tatu. Amondi alimsaidia kukamua na kupukuchua mahindi. Kepher alimtengenezea mlango wa banda uliokuwa umeinama. Hapakuwa na jambo la kufanya ila kungoja, na walizungumza kuliko walivyokuwa wamezungumza kwa miaka: juu ya Awino na hesabu zinazomshinda, juu ya laini za kampuni na nani anakaa sasa katika nyumba yao. Kepher alimwuliza mkewe kama angevuka, endapo yeye ndiye angekuwa kwenye usukani.

Amondi alifikiri. "Sijui," akasema. "Pengine ningevuka. Lile trekta langu lilivuka mito mibaya kuliko huu."

"Na ulisema bado yanapanda."

"Yalikuwa yanapanda. Lakini sijui kama ningengoja. Mimi watu wakinitazama hivyo huwa nataka kuwaonyesha."

Kepher alilichukua jambo hilo akakaa nalo.

Siku ya tatu maji yalishuka, katapila ikaja na mawe, na Kepher akavuka bila shida yoyote. Walimwachia kogo sukari na sabuni, wakashika njia. Walipofika Mombasa chai ilikuwa kavu, isipokuwa lile gunia moja, lakini ilikuwa imechelewa. Mnada wa wiki ile ulikuwa umepita, na mzigo ulilazimika kungoja ghalani mpaka unaofuata.

Kiwanda hakikufurahi. Waliporudi Silibwet walikuta Mzee Robert amekwisha kuitwa na kuambiwa kwamba kwa sasa chai itabebwa na watu wengine. Aliwaketisha sebuleni. Mama Rodah alileta chai, akaketi pia.

"Nimesikia kuna lori lilipita siku hiyo hiyo," Mzee Robert akasema.

"Lilipita," Kepher akasema. "La ndizi. Lilifika salama."

"Nani aliamua msipite?"

"Mimi."

Mzee Robert akamtazama Amondi, akingoja. Amondi aliiweka chini bilauri yake. "Yeye alikuwa dereva," akasema. "Aliamua, na mimi niko pamoja naye."

"Mimi ningepita," Mzee Robert akasema.

"Labda ungefika, mzee," Kepher akajibu. "Mimi niliona gari si yangu, na chai si yangu, na mke wangu alikuwa ndani. Siwezi kukuambia nilifanya sawa. Siku nyingine kama hiyo nitangoja tena."

Mama Rodah aliongeza chai kwenye bilauri ya Kepher. Alimwuliza mumewe kwa sauti ya kawaida ni dereva yupi kati ya wote aliowahi kuwa nao aliyerudi akamwambia mambo jinsi yalivyokuwa. Mzee Robert alikuna kidevu.

"Kabeji ziko," akasema mwishowe. "Watu wa hapa Bomet hawana mtu wa kuwapelekea Nairobi. Si mzigo mzuri, zinanuka. Lakini ziko."

Wakabeba kabeji. Walibeba pia viazi, mbao, na mara moja viti vya kanisa la huko Litein. Kabeji ziliwatia harufu ambayo haikutoka nguoni, na malipo yalikuwa madogo, lakini Kepher aliendesha nusu ya njia na Amondi nusu, na vijana wa sokoni hawakujua kwamba hapo zamani ilikuwa vinginevyo. Kwao walikuwa tu yule mama na yule baba wa Isuzu. Walimpigia honi kogo Chepkemboi kila walipopita, na mara nyingine walisimama.

Mwaka ambao Amondi alikuwa ameuomba ulikuwa umekwisha zamani. Hakuna aliyeutaja. Awino alipofunga shule walimchukua safari moja mpaka Mombasa, akakaa katikati yao, akaona bahari, akasema inanuka chumvi na akataka kujua watarudi lini.

Mvua ziliisha, barabara zikabaki vipande vipande, na malori mengi yakavunjika springi au yakakataa kuja Bomet kabisa. Katikati ya mwaka wa tisini na nane kiwanda kikamwita tena Mzee Robert. Hakikuomba radhi wala hakikukumbusha la nyuma, kilisema tu kuna chai na inahitaji lori. Mama Rodah na wasichana wawili walilisugua lile Isuzu siku nzima kwa sabuni na majivu. Kepher aliingiza kichwa nyuma, akavuta pumzi, akasema bado. Wakasugua tena, wakaliacha wazi juani, na kesho yake akavuta pumzi, akatikisa kichwa kukubali.

Mzigo huo ulipaswa kupitia Kericho, kwa kuwa barabara ya Narok ilikuwa imefungwa kutengenezwa. Walitoka asubuhi, Kepher akiwa kwenye usukani. Ukungu ulikuwa unainuka, na wachumaji walikuwa wamekwisha kuingia mashambani na vikapu mgongoni. Kabla ya Litein Amondi aliegemeza kichwa kwenye mlango, akasema anafumba macho kidogo tu. Barabara ilipanda na kushuka kati ya chai ya watu. Kepher aliona mashimo mwenyewe na kuyakwepa taratibu, moja upande huu, lingine upande ule. Walipofika Kericho, mji ukiwa umeamka na stendi imejaa kelele, alimtazama. Alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, mikono imelegea mapajani.

Kepher alipunguza mwendo, akapita katikati ya mji bila kupiga honi, akaishika barabara ya Nakuru.